Barua ya wazi kwa bodi ya shule yetu: toeni hizo pini kwenye kitabu cha baiolojia

KWA: Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, wajumbe wote wa bodi, Meneja wa Shule na Mkuu wa Shule
NAKALA: Wazazi wenzangu wa kidato cha tatu na cha nne

YAH: KURUKWA KWA MADA YA MAGEUKO YA VIUMBE, NA MTOTO KUKEMEWA MAPEPO KWA SABABU YA SWALI

Waheshimiwa, Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mzazi, nina binti kidato cha nne hapo shuleni kwenu, na kazi yangu ni biashara ya samaki hapa Mwaloni Kirumba. Jina la shule sitaliandika na la dhehebu pia sitaliandika, mnajijua na wazazi wanajua, sina nia ya kuichafua shule ambayo nimeilipia ada miaka yote hii na kwa mengi imemlea mwanangu vizuri. Ila nilianza na mwalimu wa darasa, akaniambia niandike barua, nikaandika, nikaambiwa ngoja bodi ikae, bodi ikakaa (najua ilikaa maana soda zilichukuliwa kwenye duka la jirani yangu), jibu hamna. Nikampigia mkuu wa shule akaniambia mama hilo jambo tuliombee tu. Nimeliomba. Sasa naandika hadharani, na sioni kama kuandika kumevunja maombi.

Kero zangu ni hizi.

1. KURASA KUPIGWA STEPLA

Kitabu cha baiolojia cha fomu foo mlichowagawia watoto, ile sura ya mageuko ya viumbe, wenyewe wanaita evolusheni, imepigwa stepla, na sio kitabu kimoja, ni vyote. Cha binti yangu nimekishika mwenyewe alipokuja likizo. Pini ziko juu, ziko chini, mbili ziko ubavuni, zimeshaanza kushika kutu, na kwenye kona karatasi imechanika chanika maana watoto wameshaingiza kucha siku nyingi wanafunua wanasoma. Hivi jamani mlitegemea nini? Kijana wa umri ule umfungie kurasa halafu aziache? Naweza kusema bila wasiwasi kwamba hizo ndo kurasa pekee za kitabu kizima zilizosomwa na darasa zima, mpaka wale wasiosomaga.

Mada hiyo iko kwenye silabasi na NECTA wanaitungia maswali. Mkiulizwa mnasema watoto wamepewa noti. Ni kweli, nimeziona, fotokopi ya karatasi moja, juu imeandikwa kwa kalamu nyekundu "ya mtihani tu, si ya kuamini". Sasa hapo mnamfundisha nini mtoto? Mnamfundisha kuandika jambo ambalo mmemwambia ni uongo, aliandike vizuri kabisa, apate A. Kanisani hiyo tabia ina jina na wote tunalijua.

Na cha kuchekesha ni kwamba mtoto huyuhuyu akiwa fomu wani kwenye historia alifundishwa mambo ya zamadamu, zana za mawe, fuvu la Olduvai, akachora na ramani, na hapo hamkupiga stepla hata moja, nadhani mwenye stepla hajawahi kufungua kitabu cha historia. Lile fuvu Mama Mary Leakey alilikuta Julai 1959, lilipopimwa likaonekana lina miaka kama milioni 1.75, na zile nyayo za Laetoli zilizofukuliwa kuanzia 1978 zina zaidi ya miaka milioni 3.6. Hayo mambo hayako Ulaya. Ukitoka hapa Mwanza ukapita Lamadi ukaingia Serengeti ukanyoosha tu, unatokea Oldupai, ndiyo hiyohiyo Olduvai. Mzungu anapanda ndege kuja kuona, mtoto wa Mwanza anafungiwa na pini.

2. MWALIMU

Mwalimu wa baiolojia aliandikiwa barua ya onyo kwa sababu alijibu swali la mwanafunzi maabara, na sasa kapelekwa kufundisha fomu wani na fomu tuu, fomu foo wakaachiwa mwalimu wa kemia awamalizie. Barua sijaiona, mwalimu nimemwona. Alikuwa anaongea na mimi huku anaangalia mlango wa ofisi. Huyo mwalimu ni muumini wa kanisa hilihili, anaimba besi kwenye kwaya, Jumapili hakosi. Kama kuna mtu angeweza kuwaonyesha watoto kwamba mtu anaweza akawa na Biblia na hadubini kwenye begi moja basi ni yeye, na ndiye mliyemnyamazisha.

3. SWALI LA BINTI YANGU

Hapa naomba mnivumilie nitasema kwa urefu.

Kuna Ijumaa mlimwalika mhubiri mgeni kwenye ibada, akahubiri kuhusu Darwin, yule Mwingereza aliyeandika habari ya mageuko ya viumbe. Sina shida na mhubiri kuhubiri. Akasema Waingereza waliwahi kutengeneza fuvu feki linaitwa Piltdown, kwa hiyo na mafuvu mengine yote ni feki. Akasema samaki ni samaki na mnyama wa nchi kavu ni mnyama wa nchi kavu, hakuna wa katikati. Akasema hakuna aina mpya ya kiumbe iliyowahi kutokea popote. Halafu akaruhusu maswali. Binti yangu akanyoosha mkono akauliza, furu, hawa samaki wadogo wa ziwa letu la Victoria, wako aina mamia ambazo hazipatikani sehemu nyingine yoyote duniani, na ziwa lenyewe liliwahi kukauka, sasa hao furu walitoka wapi?

Basi, ndo hivyo tu. Hakutukana, hakumkana Mungu. Akaitwa mbele, akawekewa mikono kichwani, ikakemewa roho ya uasi na roho ya ubishi, kwenye spika, mbele ya shule nzima, wavulana wakiwemo, ikakemewa mpaka akalia. Alipolia ikatangazwa kwamba imetoka.

Waheshimiwa wangu, lile swali ni zuri na majibu yake yapo, tena yapo hapahapa Mwanza, na mimi ambaye ni mama wa samaki nimeyajua bila kwenda chuo. Hata mngemjibu kwamba hamjui, angeridhika.

Shemeji yangu enzi za ujana wake aliendesha boti ya wale watafiti Waholanzi wa Chuo Kikuu cha Leiden, walianza kazi kwenye ghuba yetu ya Mwanza mwaka 1977, na yeye ndo alinifundisha kumtazama furu mdomoni. Sisi sokoni furu ni furu, samaki mdogo mwenye miiba, anaenda na chambo au anaenda na ugali wa mwenye hela ndogo. Lakini chukua furu kumi kwenye kapu moja uwafunue midomo. Huyu ana vijimeno vifupi vimejipanga safu safu kama msasa, anakwangua ukoga kwenye mawe. Yule ukimpasua koo unakuta mifupa mipana minene ya kusagia konokono. Mwingine ana taya refu na meno ya kukamata wenzake. Na kuna walaaniwa fulani wanaishi kwa kunyonya mayai na vitoto kutoka mdomoni kwa majike wengine, maana furu wetu jike ndo analelea mdomoni. Wataalam wanahesabu aina kama 500 hivi zilizokuwemo humu ziwani, na kwa uzazi wote ni ndugu wa karibu mno.

Sasa habari ya kukauka. Waliochukua tope la chini kabisa ya ziwa wamekuta chini ya tope la maji kuna udongo uliowahi kuwa mkavu, wenye alama za mizizi, na umri wake unakuja kwenye miaka kama 15,000 iliyopita. Yaani hapo meli zinapopita palikuwa nchi kavu. Kwa hiyo hawa furu wametawanyika aina zote hizo ndani ya muda ambao kwa hesabu za viumbe ni mfupi sana, dunia nzima hakuna mfano unaoshangaza kuliko huu kwa wanyama wenye uti wa mgongo. Mwaka 2017 watafiti waliosoma vinasaba vyao wakaonyesha kwamba zamani koo mbili za furu, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya upande wa Nile, zilikutana zikazaliana, na huo mchanganyiko ndo ulitoa mtaji wa maumbo na rangi zote tunazoziona. Mhubiri wenu anasema hakuna aina mpya iliyowahi kutokea popote, na kutoka kwenye hiyo spika mpaka ziwani hata bodaboda huhitaji.

Na kuna hii moja naipenda, naomba mjumbe yeyote wa bodi aisome mara mbili. Kwenye miamba ya visiwa vya hapa kwetu kuna furu wawili wanaofanana, dume la mmoja ni la bluu na linakaa maji ya juu, dume la mwingine ni jekundu na linakaa chini kidogo. Maji ya ziwa letu ukishuka, mwanga wa bluu unakatika mapema, unabaki mwekundu. Macho ya wale wa chini yameelekea kuona wekundu zaidi, na majike wao wanachagua madume mekundu. Penye maji maangavu aina hizi mbili ziko mbali mbali, hazichanganyiki. Ukiingia ndani zaidi ya ghuba ambako maji yamejaa tope, jike haoni rangi vizuri, na mnakuta zimechanganyika mpaka huwezi kusema huyu ni nani. Haya yaliandikwa kwenye majarida makubwa kabisa ya sayansi duniani, 1997 na tena 2008, kwa samaki waliovuliwa hapahapa. Wanafunzi wa Ulaya wanafanyia mtihani ziwa letu.

Huyo mwekundu anaitwa Pundamilia nyererei. Alipewa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985. Mwalimu huyuhuyu wa Butiama, aliyekuwa haachi misa, ambaye kanisa lake limeshafungua mchakato wa kumtangaza mwenyeheri. Sijasikia kwamba alimkemea yule samaki.

Kuhusu Piltdown, mhubiri alisema nusu ya habari. Ni kweli lilikuwa feki, lilitangazwa 1912. Nusu aliyoiacha ni kwamba waliolifichua ni wanasayansi wenyewe, 1953, walilipima wakakuta taya ni la orangutani limepakwa rangi lionekane la kale na meno yamepigwa tupa, wakaitangaza aibu yao hadharani dunia nzima ikasoma. Nitajieni manabii wangapi wametabiri uongo kwenye mikutano yetu ya viwanja vya Furahisha halafu wakarudi kwenye maiki ileile kusema tulidanganya. (Wapo waungwana, sisemi hawapo.)

Na kuhusu wa katikati, kamongo nimempasua mwenyewe. Ana mapafu, sio maboya, mapafu ya kuvutia hewa, akizuiwa kupanda juu kupumua anakufa maji na yeye ni samaki. Waliosoma vinasaba vyake wanasema kiukoo kamongo yuko karibu na sisi wenye mikono na miguu kuliko alivyo karibu na sangara. Njooni Mwaloni niwaonyeshe, sitawadai hela ya kiingilio.

4. SIKOSELI

Hii inaniuma kuliko zote. Sura mliyoifunga na pini ndiyo inayoeleza kwa nini watoto wetu wa kanda ya ziwa wanaumwa selimundu, yaani sikoseli, kwa wingi namna hii. Mwaka 1954 daktari mmoja anaitwa Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alitangaza alichokuwa amekiona Afrika Mashariki, kwamba watu wenye kinasaba kimoja cha selimundu wamejaa pwani na pembezoni mwa Ziwa Victoria, kwenye mbu, na huko milimani kwenye baridi ni wachache mno. Sababu ni kwamba mwenye kinasaba kimoja haumwi selimundu na malaria kali inamshindwa, kwa hiyo vizazi na vizazi hao ndo waliopona wakazaa. Kikikutana kutoka kwa baba na kwa mama, mtoto ndo anateseka. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Hayo ndo mageuko wanayozungumzia wenye sayansi, sio habari ya nyani kuamka asubuhi akiwa padri.

Mabweni yenu yana watoto wa sikoseli, mnawajua, ndo mliowapa vitanda vya chini. Rafiki zao watakuja kuoana miaka michache ijayo, kanisani kwenu, na kwenye mafundisho ya ndoa mnawaambia wakapime virusi vya UKIMWI, jambo jema. Nani atawaambia wapime na selimundu, na kwa nini wapime, kama kurasa zimefungwa?

Klorokwini mnaikumbuka, ile iliyokuwa inawasha mwili mpaka mtu anajikuna ukutani? Serikali iliiacha 2001 tukahamia dawa ya SP, na miaka michache baadaye tukahamia dawa mseto, kwa sababu vimelea vya malaria vilivyokuwa vinastahimili dawa ndo vilibaki hai vikazaana. Mageuko hayo yalitokea ndani ya damu zetu wenyewe na wengine tulizika watoto. Mnaweza kulipiga stepla kaburi?

5. MAABARA

Kwa kifupi tu, mchango wa maabara tunalipa kila mwaka na binti yangu anasema hadubini iko kabatini na ufunguo anao bursa. Naomba maelezo.

SASA NAJUA MTAKACHOSEMA

Mtasema shule ni ya dini na ina haki ya kufundisha imani yake. Kabisa, na ndiyo sababu nilimleta hapo. Fundisheni Biblia, pigeni ibada asubuhi na jioni, sina neno. Lakini mlisajiliwa kufundisha silabasi ya taifa na mnapokea ada ya kuwaandaa watoto kwa mtihani wa taifa, baiolojia haikuwekwa humo kwa hiari ya meneja.

Mtasema watoto watapoteza imani. Hapa ndo pananishangaza sana maana inaonekana mimi mama wa sokoni nina imani na Mungu wenu kuliko nyie. Hiyo sura ya urithi na vinasaba, iliyo kabla ya zile kurasa za pini, ambayo mmeiacha wazi na watoto wanachora njegere za kijani na za njano, ni kazi ya Gregor Mendel, mtawa, aliyepanda njegere kwenye bustani ya monasteri huko Brno akachapisha matokeo yake 1866. Habari ya kwamba ulimwengu unatanuka na ulianza ukiwa kitu kidogo kilichobanana iliandikwa na padri Mbelgiji, Georges Lemaître, 1927 na 1931. Francis Collins aliyeongoza mradi wa Marekani wa kusoma vinasaba vyote vya binadamu ni mlokole anayesali hadharani, na anakubali mageuko. Papa Yohane Paulo wa Pili 1996 aliwaambia wanasayansi wa chuo chake kwamba mageuko ni zaidi ya dhana tu, na Papa Fransisko 2014 akasema hayapingani na uumbaji. Najua sisi sio Wakatoliki na Papa hatuamrishi, nasema tu kwamba wapo watu wamepiga magoti maisha yao yote na hili jambo halikuwaangusha.

Na ndugu zetu Waislamu wazazi wa hapo shuleni (mnao, na ada yao mnaichukua) watawaambia habari za Ibn al-Haytham wa Basra, alieleza jinsi jicho linavyoona miaka kama elfu moja iliyopita na alisema mtu anayetafuta ukweli asiwaamini watu wa kale bila kuwahoji.

Mtasema Biblia imesema siku sita. Agostino wa Hippo, Mwafrika mwenzetu wa huko ambako leo ni Algeria, askofu, aliandika zaidi ya miaka 1,600 iliyopita kwamba zile siku sio lazima ziwe siku hizi zetu za jua kuchwa. Na huyohuyo alionya kwamba ni aibu kubwa Mkristo kuongea ujinga kuhusu nyota na wanyama mbele ya mtu asiyeamini ambaye mambo hayo anayajua vizuri, maana yule mtu akishaona Mkristo kakosea kwenye jambo analolijua yeye, atamwamini vipi kwenye habari za ufufuo? Hiyo nimeifikiria sana. Binti yangu akienda chuo, akakaa darasa moja na watu wanaojua habari za furu, akakumbuka ile Ijumaa, unadhani kitakachomtoka ni baiolojia? Kitakachomtoka ni kanisa, na mtakuwa mmemtoa nyie.

Mtasema na mimi natetea wale wanaosema sayansi imethibitisha hakuna Mungu. Hapana bwana, hao nao wamepitiliza kituo. Hakuna hadubini iliyopima hilo na haitakuwepo. Sayansi inakwambia furu wametokeaje, haikwambii kama kuna aliyependa watokee. Mwalimu akisimama darasani akawacheka watoto wanaosali nitaandika barua nyingine kali kuliko hii. Huyo padri Lemaître mwenyewe hakufurahi pale Papa Pius wa Kumi na Mbili alipotaka kuitumia kazi yake mwaka 1951 kama ushahidi wa uumbaji, aliona kila jambo lina sehemu yake. Hata mkinipa ushahidi wa Mungu kwenye pepa ya fizikia siutaki, mimi Mungu wangu nimekutana naye kwingine.

Mtasema mbona matokeo ni mazuri. Watoto wanakariri, na nyie mnajua wanakariri.

Na najua kuna atakayesema mama kama hupendi hamisha mtoto. Fomu foo? Na namba ya mtihani ameshapata? Tusitaniane.

NINACHOOMBA

a) Pini zitolewe kwenye vitabu vyote na mada ifundishwe yote kabla ya mtihani wa moko, na mwalimu wa baiolojia mwenyewe.

b) Barua ya onyo ya mwalimu ifutwe kwa maandishi, iwekwe kwenye faili lake.

c) Binti yangu aombwe radhi kwenye ibada ya Ijumaa, kwenye spika ileile, na aambiwe swali lake lilikuwa swali. Hili sitalipunguza. Radhi ya ofisini mlango umefungwa sitaipokea, maana aibu hawakumpatia ofisini.

d) Mtoto asiwekewe mikono wala kukemewa chochote mbele ya watu bila mzazi kujua. Wageni wa ibada waambiwe hivyo kabla hawajashika maiki.

e) Muitishe kikao cha wazazi, na siku hiyo mwalikeni mtaalam mmoja wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, hapa Mwanza na mchungaji mmoja aliyesoma, wakae meza moja wajibu maswali ya watoto. Samaki wa kuonyesha nitaleta mimi, furu wa aina zitakazopatikana siku hiyo, na kamongo.

f) Ufunguo wa kabati la hadubini atoke nao bursa.

Nawapa mpaka wiki ya kwanza ya muhula ujao. Kimya kikiendelea nitapeleka nakala ya hii barua, picha za kitabu na ile fotokopi ya kalamu nyekundu kwa wadhibiti ubora wa shule na kwa afisa elimu sekondari, na hapo sitakuwa peke yangu, wazazi wenzangu kwenye grupu tayari wameanza kupiga picha za vitabu vya watoto wao.

Namba yangu mnayo kwenye fomu ya kujiunga. Asubuhi msipige kabla ya saa nne, nakuwa kwenye mnada.

Wenu katika Bwana,

Mzazi wa kidato cha nne,
Kirumba, Mwanza